Minnesota wanaijua theluji yao, sisi masika yanatukuta kila mwaka

Ndugu zangu wa nyumbani ikifika Januari lazima nipokee meseji, vipi huko, baridi haijawamaliza? Na mimi ikifika Aprili natuma za kwangu, vipi huko, maji yameingia ndani? Nimekaa na hilo muda mrefu nikaona niliandike, maana kwa mtu anayesikia tu hali ya hewa ya huku ni ya kutisha mara kumi kuliko ya Dar, alafu bado wanaopoteza vitanda na vyeti vya watoto na wakati mwingine watoto wenyewe ni sisi wenye nchi nzuri yenye jua mwaka mzima.

Nakaa Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, juu kabisa, jimbo linalopakana na Kanada. Baridi ya huku usiilinganishe na ya Makambako au Lushoto. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha mjini hapa kilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, na ukichanganya na upepo mwili ulikuwa unasikia chini ya 45 hasi, yani ngozi ikiwa wazi dakika kumi hata chini ya hapo inaanza kuganda, vidole, masikio, pua. Shule zilifungwa, hata posta walisimamisha kupeleka barua jimbo zima na hao watu wanajisifia kwamba barua haizuiwi na mvua wala theluji. Kuna kijiji huku kinaitwa Tower, mwaka 1996 kilifika 51 hasi. Na usidhani ukishamaliza baridi umepumzika, kiangazi kinapanda mpaka nyuzi 35 na unyevu wake kama uko Kariakoo mwezi wa pili, na kuna vimbunga vya nchi kavu vinavyong'oa mapaa. Mwili ule ule, mwaka ule ule.

Kitu ambacho kinaumiza na watu hawakisemi sana ni giza. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, unaingia kazini giza unatoka giza, na sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa Ikweta ambako saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili mwaka mzima hatujajengwa kwa hilo. Nimeona wabongo wenzangu wenye nguvu zao wananyamaza tu kuanzia Novemba, simu hawapokei, kazini hawaendi, mpaka Machi ndo wanarudi kuwa watu. Mkiona ndugu yenu kapoa miezi hiyo msimchukulie kabadilika, mpigieni.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Pamoja na ukali wote huo, mji hausimami. Na sababu kubwa ni kwamba kila mtu anajua kazi yake ni ipi theluji ikidondoka, imeandikwa, ina saa. Nikupe mfano wa kupaki gari tu. Ikianguka theluji nyingi mji unatangaza dharura ya theluji, basi siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku barabara kuu zote marufuku kupaki, pande zote mbili, magreda yanapita usiku. Siku ya pili mitaa ya kawaida upande wa nyumba zenye namba shufwa unatoa magari, siku ya tatu upande wa witiri. Ukiacha gari lako linavutwa na faini unalipa, awe daktari awe mbeba maboksi. Mwenye nyumba ana saa 24 kusafisha njia ya miguu mbele ya nyumba yake, mwenye duka ana masaa manne tu ya mchana. Mwenye nyumba ya kupangisha sheria inamtaka ahakikishe joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 20 kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 30 Aprili, na miezi hiyo hiyo aliyeshindwa kulipa bili ya umeme au gesi ya kupashia nyumba joto analindwa asikatiwe, ilimradi akubaliane nao namna ya kulipa kidogo kidogo. Katikati ya mji wamejenga vijia vya juu vya vioo kutoka jengo moja mpaka jingine, vilianza 1962, unaweza kutoka ofisini ukaenda benki ukaenda kula bila kugusa nje. King'ora cha hatari kinajaribiwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana, mwaka mzima, hata mtoto wa chekechea anajua kile kelele ni majaribio na kikilia siku nyingine anatakiwa ashuke chini.

Angalia hapo ni mambo mangapi yanahitaji hela nyingi. Magreda ndio, vijia vya vioo ndio. Lakini kupanga leo upande huu kesho upande ule inahitaji hela gani? Kumwambia mwenye nyumba hii sehemu ni ya kwako? Kujaribu king'ora?

Nyumbani masika tunayajua tangu mababu. Machi, Aprili, Mei. Vuli Oktoba mpaka Desemba. Wavuvi wanajua kaskazi inaisha lini na kusi inaingia lini, mkulima wa Kilosa anajua. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu kabla hata tone halijadondoka, mkoa kwa mkoa, wanasema huku juu ya wastani huku chini ya wastani. Yani taarifa ipo, tena nzuri, wale wataalamu wetu mimi nawaheshimu sana. Kinachokosekana ni nani anafanya nini taarifa ikishatoka. Matokeo yake taarifa ya habari ya Aprili inasema mvua "zimewakumba" wananchi, kana kwamba mvua ya Aprili ni mgeni kabisha hodi usiku.

Mama yangu mdogo anakaa Kigogo, Dar, sio mbali na mto Msimbazi. Mwaka 2024 mwezi wa nne nikampigia, shikamoo mama mdogo, mmehama? Akanijibu, marahaba mwanangu, tuhamie wapi, tumepandisha godoro juu ya kabati na watoto wamelala kwa mama Zuhura, tunangojea maji yashuke. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndo iliniuma zaidi kuliko maji yenyewe. Amezoea. Ile wiki Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni akasema waliokufa kwa mafuriko na maporomoko nchi nzima wamefika 155, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Miezi michache kabla, tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulikuwa umeporomosha tope Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakafa. Na kama mnakumbuka Desemba 2011, mvua iliyosemwa ni kubwa kuliko zote tangu 1954, watu zaidi ya 40 Dar pale pale, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Zaidi ya miaka 12 katikati ya mafuriko hayo na ya 2024, na bado Jangwani ikinyesha mvua ya usiku mmoja Morogoro Road inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, watu wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi Fire.

Najua wapo mtakaonijibu kwamba Marekani ni tajiri, usilinganishe. Nimeshalifikiria hilo sana na nakubali nusu yake. Hela inasaidia, hita inasaidia, nyumba iliyojengwa na kuta nene inasaidia. Ila niambieni Texas ni maskini? Februari 2021 baridi ilishuka mpaka kule, Dallas ikafika kama nyuzi 19 hasi, ambayo kwetu Minnesota ni siku ya mtu kwenda kazini na watoto kwenda shule, na Texas wakafa watu 246 kwa hesabu ya jimbo lenyewe, umeme ulikatika siku nyingi, mabomba yakapasuka, watu walikuwa wanachoma fanicha zao wapate moto. Mabomba ya gesi na mitambo haikuwa imeandaliwa kwa baridi, japo walishapata onyo baada ya baridi ya 2011. Ufaransa ni maskini? Agosti 2003 joto lilipiga karibu nyuzi 40, wakafa kama watu 15,000, wengi wazee waliokuwa peke yao vyumba vya juu huku ndugu zao wako likizo. Baada ya hapo Wafaransa wakatengeneza mpango wa kila kiangazi, rangi za tahadhari, manispaa ina orodha ya wazee wa kupigiwa simu. Kwahiyo utajiri peke yake hauokoi mtu. Anayeokoka ni yule ambaye hali ya hewa yake kaikubali kama sehemu ya kazi za mwaka, kama vile tunavyokubali Ramadhani na ada ya shule Januari, tunaiwekea akiba mapema hatusubiri ifike.

Na huku sio peponi, msinielewe vibaya. Kila baridi kuna wasio na makazi wanaokatwa vidole kwa kuganda, wanalala kwenye mahema chini ya madaraja ya mji huu huu wenye vijia vya vioo. Kuna wazee ambao jirani anaweza kukaa siku nne hajui kama wako hai au la. Hapo nyumbani tunawazidi kwa mbali sana, mama Zuhura kuchukua watoto wanne wa jirani usiku wa manane bila kuulizwa huku hutalipata kirahisi. Ndo maana nasema tuna mtaji wa watu ambao hawa hawana, ila tunautumia wote kwenye kuokoana maji yakishafika kiunoni, hatuutumii Februari.

Na tunaweza, tumeshaona. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia, mamlaka walitangaza siku kadhaa kabla, wakataja njia yake, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakavuta vyombo juu, magrupu ya wasap kila mtu anatumiana ile ramani. Madaraja ya upande wa Kilwa na Lindi yalikatika kweli, barabara ya kusini ikafungwa, hasara ilikuwepo. Lakini siku zile nchi ilisikiliza na ikafanya kitu. Kimbunga ni kitu kigeni kwetu kwahiyo tulikiogopa tukajiandaa, masika tumeyazoea kwahiyo tunayangoja na godoro juu ya kabati.

Mradi wa Bonde la Msimbazi upo, ule wa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani na fidia za watu wa bondeni. Naombea uishe vizuri kwa moyo wangu wote. Ila daraja halitazibua mtaro wa nyuma ya nyumba ya mama mdogo ambao umejaa chupa na mchanga na pempasi, na mji wa Dar mitaro ya hivo ni mingi kuliko madaraja. Huo mtaro ni wa nani? Wa mtaa, wa kata, wa manispaa, wa Tarura, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini? Nimeuliza watu watano nimepata majibu matano. Mimi ningetamani siku moja nione tangazo la mtaa limebandikwa kwa mwenyekiti: wiki ya kwanza ya Februari nyumba kuanzia hapa mpaka pale mnasafisha, wiki ya pili upande wa pili, gari la taka linapita Jumamosi, asiyefanya faini hii, mzee fulani asiyeweza atafanyiwa na kijana fulani, maji yakifika alama hii ya ukutani wote mnaenda shule ya msingi fulani na ufunguo anao mwalimu fulani. Karatasi moja tu.

Sisi kikundi cha Watanzania wa hapa tumezoea kuchangishana mwezi wa tano, mablanketi, unga, rambirambi. Mwaka huu nimependekeza tuchange Januari, machepe, buti za mpira, glovu na posho ya vijana wa mtaa ule wa Kigogo wazibue mtaro kabla ya Machi. Wenzangu kadhaa wamekataa, wanasema hiyo ni kazi ya serikali na tukiifanya sisi tutawazoesha vibaya. Hoja yao naielewa na kodi ndugu zetu wanalipa. Mimi nimeshatoa mchango wangu hata hivyo, na mama mdogo ameshaongea na mwenyekiti wake, wameanza kuandika majina ya vijana.