Afadhali Treila

Leo asubuhi kijana wa boda pale steji ameniona nachechemea, akauliza, "Mzee, umegongwa?" Nikamwambia ndiyo, nimegongwa. Sikumwambia kwamba ni walzi, ile dansi ya Kizungu ya wawili wawili. Akaongeza elfu moja juu ya nauli, eti mguu wangu unakaa vibaya, pikipiki itayumba.

Mikutano ya harusi mnaijua. Unakwenda mkazungumze hema na mchele, unarudi na ahadi ambayo hukuitoa. Binti yangu anaolewa Desemba. Kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, tuliimaliza salama, nikapokea kanzu yangu, nikajua kazi ya baba imekwisha. Kumbe kamati, baina ya keki na mpiga picha, imeandika: "Baba na bibi harusi kucheza walzi." Nani aliniuliza? Na ada ya mwalimu wakaiweka kwenye safu yangu.

Mwalimu mwenyewe ni kijana ambaye zamani ningemfanya tanboi, utingo wa treila langu. Kaniangalia viatu akatikisa kichwa. Soli za mpira hazitelezi, anasema, tafuta za ngozi. Nikaingia soko la Owino, Kampala, nikapekua mivumba, yaani mitumba, mpaka jasho, nikapata jozi nyeusi inayong'aa kama ya waziri. Kwenye sakafu yenye vigae nikateleza hadi mlangoni kabla muziki haujaanza.

Basi tukapangwa. Mimi nikapewa Mama mmoja anayeuza matoke soko la Nakawa. Mikono yake imebeba mikungu tangu enzi za Obote. Ninaambiwa mkono wangu wa kulia ukae chini ya mfupa wa bega lake, wa kushoto umshike mkono usawa wa macho, viwiko juu, kifua wazi. Hiyo ndiyo fremu. Nikasimama hivyo kwa heshima zote, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Mzee," akasema mwalimu, "mwanaume ndiye anaongoza."

Nikageuka kutazama ni mwanaume gani. Nyumbani kwangu mimi siongozi hata rimoti.

"Guu la kushoto mbele, la kulia pembeni, funga. La kulia nyuma, la kushoto pembeni, funga. Moja, mbili, tatu!" Rahisi. Mimi nimeivuta treila toka Mombasa, nimeipitisha mpaka wa Malaba na makaratasi yake yote, mwanamke mmoja atanishinda? Nikatia guu la kushoto mbele. Alitakiwa arudishe la kulia nyuma. Hakurudisha. Mama yule hajawahi kurudi nyuma mbele ya mteja, ataanza kwangu? Tukagongana magoti. Nikamwomba radhi. Akasema, "Si kitu, Baba, fuata mimi," akanisukuma kinyumenyume urefu wa ukumbi mzima, moja mbili tatu, mimi navuta breki, breki hakuna.

"Usimvute kwa mikono!" mwalimu anapiga kelele. "Ishara itoke kifuani!" Ishara ya kifuani! Treila ina indiketa. Ina honi. Hapa nimepewa kifua peke yake, na kifua chenyewe kina pumu.

Halafu ikaja ya kuzunguka. Katika dansi hii wote mnakwenda kinyume cha saa. Mimi miaka yote, kila raundabauti ya nchi hii, nimezunguka saa inavyokwenda, na ukifanya vingine askari anakungoja na kitabu. Mwili ukakataa. Nikampeleka Mama upande ninaoujua, tukakutana uso kwa uso na jozi tatu zinazokuja. Akatoa mlio wa honi kwa mdomo. Kisha akaniweka kisigino juu ya kidole kikubwa, na hakukiondoa mpaka tukahesabu tatu.

Tatu tatu hizo ni karibu hatua 90 kwa dakika, na hii ndiyo wanaiita walzi ya polepole! Ya Vienna inakwenda kasi mara mbili hivi. Harusi ya huko lazima iwe na ambulensi.

Nikauliza rumba tunaanza lini, maana rumba nimelelewa nayo. Mwalimu akaweka muziki. Si ya Kinshasa. Ni ya Kuba, hatua ya kwanza unaipiga kwenye mbili. Moja imekosa nini? Nikakaa chini.

Jana usiku nikasema nijifunze faraghani na ufagio. Ufagio unafuata vizuri, haukanyagi mtu. Nikafika pembeni, funga, umeme ukakatika, nikapiga teke sigiri. Maharage yote sakafuni, na kidole cha pili kikaungana na cha kwanza. Mama watoto hakuuliza nimeumia wapi, aliuliza mkaa. Na mkaa siku hizi, jamani, unanunua gunia limefura juu, ukilifungua nusu ni majani, chini vumbi, na aliyekuuzia hashiki simu.