Ghorofa la Mwanga halitakugeuza kitandani

Nafanya kazi ya keya, yaani mtunza wazee, huku Leeds, Uingereza, nyumba ya wazee, mwaka wa tisa huu, kabla ya hapo nilibeba boksi. Kwahiyo nikisikia mtu wa nyumbani anasema wazungu wanatupa wazazi wao huwa nacheka kidogo, maana hata mimi nilitoka Kigoma, mwisho wa reli, na wimbo huohuo. Bibi ninayemwogesha asubuhi mwanae anakuja kila Jumapili na gazeti, na bibi mwenyewe ndo alichagua pa kuhamia akiwa bado na akili zake timamu, akasaini na karatasi za nani amwamulie mambo yake siku akianza kusahau. Bei ndo inatisha. England ukiwa na mali inayozidi pauni 23,250 unajilipia mwenyewe, na kama ulikuwa unaishi peke yako hata nyumba yako inahesabiwa, yaani mtu kalipa mkopo wa nyumba miaka 25 alafu inaondoka yote uzeeni. Hilo silisifii, na upweke nao upo, Krismasi kuna vyumba haviingii mtu zaidi yetu sisi wa shifti.

Haya, turudi Ujiji. Mama alianguka usiku akienda chooni, choo chetu kiko nyuma, unashuka ngazi tatu za saruji alafu unapita chini ya mwembe, na umeme ulikuwa umekatika. Nyonga. Sisi tulio nje tuko watatu, kila mtu alituma hela siku hiyohiyo, tukafungua grupu la WhatsApp, tukapongezana. Aliyeacha meza yake ya dagaa pale Kibirizi akawa anamgeuza mama usiku kucha ni dada yetu, na mwaka mzima hakuna aliyemuuliza yeye anakula nini. Huku kazi hiyohiyo tunaifanya wawili wawili, kuna mashine ya kumnyanyua mtu, kuna mshahara na likizo. Dada ana kitenge, anamfunga mama kiunoni ndo anamvuta. Sasa hapo nani katupa nani?

Na sisi wenyewe tunajiandaaje? Tunajenga. Kila mtu wa kwetu aliyeko majuu ana nyumba inapanda Mwanga au Gungu hapo Kigoma mjini, au kule kilimani unakoliona ziwa, ghorofa, ngazi za kuzunguka, masta iko juu, tailizi zinateleza kama sahani yenye mawese. Utarudi na miaka 67 na magoti yaliyoisha kwa kunyanyua wazee wa watu, utapanda vipi jamani? Alafu hesabu ya pensheni wengi hatuipigi: Uingereza wanataka miaka 10 ya michango ndo upate chochote, 35 upate kamili, na ukihamia Tanzania hawakuongezei tena, kiasi kinabaki palepale huku sukari inapanda. Na aliyebadili paspoti ajue Bongo hakuna uraia pacha na ardhi haimilikiwi na mgeni hivihivi, asije kuandika kiwanja jina la shemeji alafu akatulilia.

Serikali ina makazi ya wazee Kibirizi hapo kwetu, na Ipuli kule Tabora, ila yale ni ya wazee wasio na mtu kabisa, wewe mwenye ghorofa hawakukufikiria.

Mimi mwaka juzi nilimwambia fundi futa ghorofa. Chini tu, choo kando ya chumba cha kulala, mlango sentimita 90 kiti cha magurudumu kipite, bomba la kushikilia ukutani. Kaka mkubwa alichukia, eti watu watasema nimefulia. Na dada nikaanza kumtumia hela yake, sio ya mama, ya kwake, kila tarehe moja, tukaandikiana kabisa, ni kidogo lakini tunaiita mshahara, wifi mmoja ana kinyongo mpaka leo.

Mama kahamia Mei. Bomba la chooni fundi kalifunga juu mno, mama akikaa halifikii, kwa sasa dada anaanikia kanga, na fundi anasema atakuja Jumamosi, hii ni Jumamosi ya tatu.