Mimi nilikuwa abiria tu

Nianze kwa kusahihisha taarifa. Yule jamaa yangu wa idara ya barabara na madaraja, aliyewatumia ile sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp tangu juzi jioni, hakuwemo chumbani. Alikuwa koridoni anawinda sambusa. Kwa hiyo anaposema "mratibu wa umeme kakalia swichi kazima mtihani wa watu," anasimulia alichokichungulia mlangoni mdomo umejaa. Sikukalia swichi. Kilichogusa ni mgongo, tena mgongo wenyewe ni wa kiti. Mimi nilikuwa abiria tu.

Basi nisikilizeni mwenyewe kabla hamjatengeneza stika. (Najua mmeshatengeneza. Ile ya kiti chenye mwanga kichwani nimeiona. Aliyenikata sikio kwenye picha arudie.)

Kwa msionifahamu, mimi ndiye mratibu wa shahada za uzamili na uzamivu kwenye uhandisi wa umeme. Ukikitamka cheo unasikia raha, lakini kazi yenyewe ni kufukuzia watu. Nafukuzia wasimamizi wasome sura ya tatu waliyoletewa tangu masika, nafukuzia wanafunzi wajisajili, nafukuzia watahini wa nje walete ripoti, nao wananifukuzia mimi kwa posho yao. Umeme wenyewe siku hizi nakutana nao kwenye balbu kama nyinyi. Siku zinazonipa raha ni za kutetea tasnifu, maana siku hizo nakuwa mwenyekiti wa jopo, navaa suti, nakaa mbele, na hata wanaonichukia wanasema "mheshimiwa mwenyekiti".

Huko kukaa mbele ndiko kulikoniponza.

Juzi ilikuwa zamu ya mama mmoja aliyesoma uzamivu huku anafundisha chuo cha ufundi, analea, na ananivumilia mimi. Tasnifu yake inahusu hitilafu za umeme zinazokuja na kuondoka. Mnazijua: umeme unakata, fundi anafika anakuta uko sawa, anaondoka, kabla hajafika barabarani umekata tena. Mama wa watu ametengeneza kikasha kinachorekodi kitu gani kimeachia kwanza na kipi kimefuata, kwa milisekunde, ili fundi aende moja kwa moja penye chanzo badala ya kupanda nguzo kumi. Alitaka jopo likione kikifanya kazi. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umetekwa na watu wa bajeti, nikasema twendeni maabara ya mashine za umeme. Kikasha kikafungwa kwenye paneli kuu ya maabara, kila waya wa paneli ukapelekwa kwenye kikasha. Kila waya. Hilo mliweke akilini.

Sasa, maabara ile ina stuli za mbao. Mtahini wa nje ametoka Nairobi, mimi nikae kwenye stuli kama nasubiri kunyolewa? Nikawaagiza vijana wawili wanishushie kiti changu kutoka ofisini, kile cha ngozi, cha kuzunguka, ambacho ukijiegemeza kinakupokea taratibu mpaka unaona dari. Wakakiweka karibu na nguzo. Nikasema kirudi nyuma kidogo nipate nafasi ya miguu. Kikarudi. Nikazima taa kwa mkono wangu ili projekta ionekane, nikazima na mapangaboi yasipeperushe karatasi.

Nikafungua kikao. Ulikuwa ufunguzi mzuri, nawaambia ukweli. Nikamkaribisha mgeni, nikamtuliza mtahiniwa, nikarusha utani mdogo wa umeme, wawili wakacheka. Nikaridhika, nikajiegemeza.

Tak. Kisha kong'! Projekta ikafa, kiyoyozi kikakata roho.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikainuka kwenye kiti nikaelekea mbele, mikono mezani, nikaanza somo. Nikamweleza mgeni kwamba gridi ya taifa ni kama mzani. Mzigo ukizidi uzalishaji, masafa, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, yanashuka chini ya hezi 50, na yakishuka sana, mitambo ya kinga inakata baadhi ya maeneo ili kuokoa mengine. Nikampeleka Rufiji, bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Nikasema ukiwa na mitambo mikubwa namna hiyo, mmoja tu ukitoka ghafla lazima gridi iyumbe. Mgeni anaitikia kwa kichwa, anaandika. Nikajiona profesa kamili, na uprofesa wenyewe bado maombi yangu yako kwenye kamati.

Mzee wetu wa maabara, fundi sanifu aliyekuwepo kabla yangu na atakayekuwepo nikiondoka, akaenda kwenye paneli mlangoni. Akaangalia, akabonyeza kitufe cha kijani. Kong'! Umeme ukarudi.

"Gridi imekaa sawa," nikatangaza. Mzee akanitazama, hakusema kitu.

Mama akaendelea na slaidi. Anaongea vizuri yule mama, hana papara. Akafika kwenye mchoro wa saketi ambao mimi ndiye niliyemshauri auchore upya. Mgeni akasema, "Mchoro huu ni safi sana." Nikasikia joto la fahari kifuani. Nikajiegemeza.

Tak. Kong'.

Safari hii mama anayetuandalia chai akachungulia mlangoni, "Jamani mnahitaji mshumaa? Mbona jikoni umeme upo, birika linachemka."

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Na mimi nilijiuliza, tatizo nilijijibu. Nikainuka tena kwa mbele, nikasema, "Aa! Basi ni fezi." Nikawaeleza kwamba umeme unatufikia kwa fezi 3, yaani nyaya 3 zenye umeme, kila moja imepishana na mwenzake kwa nyuzi 120, kati ya fezi na nyutro volti 230, kati ya fezi na fezi 400. Jikoni wako fezi yao, sisi maabara tuko yetu, na yetu ina kiungio kilicholegea mahali. Nikachora hewani kwa kidole. Maabara yenyewe inatumia fezi zote 3, ndugu zangu. Nimeifundishia miaka. Kuna mwanafunzi wa uzamili kule nyuma alifungua mdomo kunikumbusha, nikamwangalia akaufunga.

Mzee akabonyeza kijani. Ukarudi.

Sasa yule mama, mtahiniwa, akasema kwa adabu zote, "Samahani, mheshimiwa mwenyekiti. Kikasha kina betri yake, kimeendelea kurekodi. Mara zote mbili kinaonyesha kitu kimoja." Akageuza kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: saketi ya dharura, kitufe namba 3, imefunguka. Wa pili, milisekunde 18 baadaye: kontakta kuu imeachia.

Kwa wasio wa fani, niwaambie. Maabara ile ina vile vitufe vyekundu vyenye kichwa kama uyoga, vinne, kila nguzo kimoja. Mtu akinaswa na umeme unapiga uyoga wowote, maabara nzima inazimika. Vimeunganishwa kwa mfuatano, mkondo unapita humo muda wote, ukiukatiza popote kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayoingiza umeme maabara, inaachia. Ile kong' ni sauti yake. Hiyo sauti naijua kama sauti ya mke wangu. Nimewafundisha watu kuitambua, nimewatungia na swali la mtihani.

Nikamjibu yule mama hivi, na haya ndiyo maneno yangu, jamaa wa madaraja hakuyatia chumvi: "Mama, kifaa nacho kinaweza kukosea. Uliupima lini usahihi wake?"

Akasema, "Jana jioni, Dokta. Ulikuwepo. Ulisaini."

Nikasema vizuri, na iandikwe kwamba mwenyekiti ana mashaka na matokeo. Katibu akaandika. Nikaona hapo nimelinda heshima ya taaluma, nikashusha pumzi.

Nikajiegemeza.

Nawaomba hapa twende polepole, kwa sababu mimi kila nikifumba macho ndiyo sinema ninayoiona.

Kiti kilinipokea kwa ule ulaini wake. Nikasikia mgongo wa kiti unagota kitu. Kitu chenyewe kilikuwa laini, kinabonyea, nikadhani ni springi. Tak. Naapa niliisikia hiyo tak kupitia mbavuni. Kong'. Projekta ikafifia, na kwa kuwa taa nilizima mwenyewe, mwanga uliobaki ulikuwa wa skrini ya kompyuta ya mtahiniwa, unatupiga usoni wote. Na kwenye hiyo skrini, mbele ya macho ya jopo, ukajiandika mstari wa tatu. Kitufe namba 3.

Hakuna aliyesema kitu. Mtahini wa nje akavua miwani. Akaangalia skrini. Akaangalia nguzo, ambayo ina namba 3 kubwa nyeupe iliyopakwa rangi juu kabisa. Kisha macho yake yakashuka na nguzo, taratibu, kama mtu anayesoma kipimajoto, yakapita ile namba, yakapita kibao, yakafika kwangu, nikiwa nimelala nusu, mikono nimeifumbata tumboni.

Kibao kimeandikwa: USIEGEMEE NGUZO HII. Chini yake kuna saini ya mratibu.

Mzee wa maabara akaja. Hakukimbia. Ana viatu vinavyolia, kwi, kwi, kwi, sakafu nzima kimya. Akasimama ubavuni kwangu, akainama kama anayetaka kuninong'oneza, ila ana sikio moja zito kwa hiyo minong'ono yake inafika getini. "Dokta, baba, hebu sogea mbele kidogo."

Nikasogea. Nyuma yangu kikasikika: tik. Uyoga umerudi nje.

"Rudi nyuma."

Sijui kwa nini nilitii. Nikarudi. Tak.

"Mbele." Tik.

Kule nyuma kuna mtu alitoa sauti ya kikohozi ambayo haikuwa kikohozi.

Sasa wale wa fani mtasema mbona huu ni uongo, kitufe cha dharura kikibonyezwa hujifunga, hakirudi mpaka ukizungushe. Sahihi kabisa. Ndivyo kinavyotakiwa. Mzee naye akaona ndiyo nafasi ya kulieleza jopo, kwa minong'ono ileile: "Hiki kufuli lake limekufa siku nyingi. Nilikuletea barua ya kununua vipya, Dokta. Ukaandika isubiri bajeti ijayo." Akanyamaza kidogo. Akapapasa ngozi ya kiti. "Ndio wiki ile ile kilikuja hiki."

Nimeshawahi kupigwa na umeme mara mbili maishani. Zote zilikuwa nafuu.

Ndipo mtahini wa nje akafungua kinywa, kwa ule upole wa Wakenya wenye umri. "Mwenyekiti, nisikilizeni. Kwetu, mwaka 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kule mto Tana, akaangukia transfoma, nchi nzima ikaingia gizani." Akavaa miwani. "Lakini yule tumbili alizima mara moja tu. Na hakutupatia mafunzo."

Kikohozi kikawa cheko la chumba kizima. Mtahini wa ndani alilia machozi. Mama wa chai alicheka akiwa hajui Gitaru ni nini. Mtahiniwa peke yake ndiye aliyejitahidi, alikuwa ameuma kalamu, mabega yanatikisika, nami sikuwa na la kumwambia kwa sababu miaka minne amekaa akitafuta hitilafu ya kweli ya kuonyesha jopo na mwenyekiti wake kamletea tatu.

Yaliyobaki ni mafupi. Kiti kikatolewa. Nikaletewa stuli. Maswali yakaulizwa, mama akayajibu yote, tukamtoa nje dakika tano, tukamrudisha, amefaulu, marekebisho madogo. Watu wakapiga vigelegele, sambusa zikaliwa, zile alizobakiza jamaa wa madaraja. Ile kauli yangu ya mashaka, katibu amekataa kuifuta, anasema kumbukumbu ni kumbukumbu. Vitufe vipya vinne nimeviagiza juzi hiyohiyo, na pesa yake msiniulize imetoka wapi. Wanafunzi wa uzamili wameanza kuniita Gitaru. Wanadhani sisikii.

Kati ya marekebisho madogo aliyodai mtahini wa nje, moja ni kwamba data za siku ile ziingie kwenye tasnifu kama kiambatisho, "kwa kuwa ni jaribio ambalo hakuna angeweza kulipanga." Maana yake itajalidiwa, itawekwa maktaba, na fomu ya kuthibitisha kwamba marekebisho yamefanyika anayesaini ni mratibu. Nimeshaiona rasimu. Grafu imetoka vizuri mno, hata vile vipimo vya mwisho vya Mzee, mbele, nyuma, mbele, vimo.

Leo asubuhi Mzee kaniletea daftari la maabara nilisaini kama kila Ijumaa. Mwandiko wake ule wa kulala. Tatizo: umeme kukata mara tatu. Hatua: kusogeza. Chanzo: mwenye kiti.

Nilitaka kumwambia Mzee hilo ni neno moja, aliunganishe. Nikafikiri kidogo, nikaona hata akiliunganisha ni mimi. Nikasaini.