Fundi wa kumwongoza mwanafunzi kiwandani
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba mwanafunzi wa ufundi akipelekwa kiwandani kwa miezi miwili atatoka akiwa tayari kwa mitambo ya kisasa. Kwa niliyoyapitia mwenyewe, miezi hiyo bila fundi wa kumwongoza hupotea bure. Kiwanda nilichopangiwa kilikuwa na mashine ya kukereza vyuma inayoendeshwa kwa kompyuta, lakini kwa wiki tano nilizoa chenga za chuma tu, hadi fundi mmoja mzee aliponipa maikromita, kifaa cha kupimia unene, na kunionyesha jinsi ya kupima shafti, yaani mhimili wa chuma wa mashine, kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita. Waajiri wa Tanzania hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Kwa nini sehemu yake isiwalipe mafundi kama yule? Wenzangu mliopitia uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini, mlikabidhiwa kwa fundi maalumu?