Kufuga Monaki Nyumbani: Nani Anasaidiwa?

Kila kiangazi, kusini mwa Kanada na sehemu kubwa ya Marekani, watu hutoka na watoto wao kupekua majani ya asklepia, mmea wa porini unaotoa utomvu mweupe ukikatwa. Wanatafuta yai la kipepeo monaki: dogo kama kichwa cha pini, rangi ya malai, limebandikwa peke yake chini ya jani. Likipatikana, jani linachumwa na kuwekwa ndani ya chupa au kizimba cha neti, na baada ya mwezi hivi kipepeo anaachiliwa bustanini. Shule nyingi hufanya hivyo darasani, kwa hiyo hata watoto wa Waswahili walioko Minnesota au Ontario huja nyumbani na habari za kiwavi wao.

Wanafanya hivyo kwa sababu monaki wamepungua vibaya. Lakini mashirika kadhaa ya uhifadhi, likiwemo Xerces Society la Marekani linalotetea wadudu, yanawasihi watu waache kuwafuga kwa wingi na kuwaachilia. Wafugaji wamekasirika, na hasira yao naielewa: mtu anaona sisimizi wanaliendea yai, unamwambia asiliguse? Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili. Zote zina uzito, ila upande mmoja unamtazama kipepeo na upande wa pili unaitazama jamii nzima ya vipepeo, na ndiyo maana hawasikilizani.

Ukimtazama kipepeo mmoja, mfugaji yuko sahihi kabisa. Jike hutaga mayai 300 hadi 500, na porini chini ya 10 katika kila 100 ndiyo hufikia kuwa vipepeo kamili. Buibui wanakula, nyigu wanakula, na kuna nzi anayetaga juu ya kiwavi aliye hai. Watoto wa nzi huyo humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoboa na kushuka kwa nyuzi nyeupe zinazobaki zikining'inia chini ya mzoga. Aliyewahi kuziona nyuzi hizo hahitaji kuelezwa kwa nini watu hukimbilia neti. Chini ya uangalizi mzuri, wengi wa viwavi hao wangevuka.

Ukiitazama jamii nzima, hesabu inabadilika. Ili idadi isipungue, jike anatakiwa kuacha watoto wawili tu wa kushika nafasi yake na ya dume. Mamia wengine wamekuwa wakiliwa tangu enzi na enzi, na monaki hawakuisha kwa ajili hiyo. Kilichowapunguza ni kukosa mahali pa kutagia. Asklepia ilikuwa ikijiotea kati ya mistari ya mahindi na soya katika majimbo ya katikati ya Marekani. Mwaka 1996 iliingia sokoni soya iliyobadilishwa kijenetiki ili istahimili kiuagugu cha glaifoseti, mahindi yakafuata, na mkulima akaweza kunyunyizia shamba zima bila kuunguza zao lake. Asklepia ikafyekwa, na kiwavi wa monaki hali kitu kingine. Watafiti wanakadiria kwamba eneo hilo linahitaji kuongezewa zaidi ya mashina bilioni 1 ya mmea huo. Ongeza hapo viuadudu, ukame, na ukataji miti huko Mexico.

Ukubwa wa tatizo unaonekana vizuri zaidi kwenye milima ya Michoacán huko Mexico, ambako monaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini hupitisha majira ya baridi juu ya miti ya oyameli, jamii ya misonobari. Hujazana hadi matawi yanainama, hivyo badala ya kuwahesabu, watafiti hupima eneo la msitu lililofunikwa. Majira ya 1996–97 lilikuwa hekta 18 na kidogo. Majira ya 2013–14 lilishuka hadi hekta 0.67. Ya 2023–24 lilikuwa 0.9, na yaliyofuata likapanda hadi 1.79. Ukichukua makadirio ya vipepeo kama milioni 20 kwa hekta, hata ongezeko hilo la mwisho, ambalo bado ni dogo, ni vipepeo wapatao milioni 18. Hakuna idadi ya vizimba vya jikoni inayoweza kukaribia hapo, hata kila mfugaji akijitahidi vipi.

Hadi hapa mtu anaweza kujibu: sawa, hausaidii sana, lakini unadhuru nini? Swali hili ndilo lililonifanya nibadilishe uzito niliokuwa nikiupa kila upande, kwa sababu ya kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, au OE kwa kifupi. Mbegu zake ndogo mno hukaa juu ya magamba ya kipepeo mwenye ugonjwa. Akitaga, zinadondoka juu ya yai na juu ya jani. Kiwavi akiangua, mlo wake wa kwanza ni ganda la yai lenyewe, na hapo ameshazimeza. Akiwa kiwavi huonekana mzima. Madhara hujitokeza siku ya kutoka kwenye pupa: aliyeugua sana hukwama nusu ndani nusu nje, au hutoka na mabawa yaliyokunjamana yasiyonyooka tena. Mwenye ugonjwa mwepesi hutoka, huruka, na huachiliwa kwa shangwe akiwa amebeba mbegu za kimelea mwili mzima.

Porini, viwavi hutawanyika, mmoja jani hili na mwingine shina la mbali, na wenye ugonjwa mzito hawasafiri mbali. Kizimba chenye viwavi 40 juu ya kinyesi chao, kilichotumika juzi na hakikuoshwa kwa dawa ya klorini, kinafuta kinga zote mbili. Wafugaji makini wanalijua hili. Kabla ya kumwachilia kipepeo, hubandika kipande cha selotepu tumboni mwake, wanakibandua taratibu na kukiweka chini ya hadubini. Mbegu za OE huonekana kama vijipunje vyeusi vilivyochongoka ncha mbili, vidogo kuliko magamba yanayovizunguka. Mwenye nazo haachiliwi. Ninawaheshimu sana watu hawa. Ila wengi wanaofuga hawana hadubini, na hawajawahi kusikia kuhusu OE.

Kuhusu safari ya kwenda Mexico, utafiti haujasema kitu kimoja, na si haki kunukuu nusu yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kuwa monaki waliotoka kwa mfugaji wa biashara hawakuelekea kusini walipopimwa ndani ya pipa lililo wazi juu, ambamo kipepeo hushikizwa mgongoni na kuruka bila kwenda popote. Hata wale wa asili ya porini, walipolelewa ndani ya jengo, walishindwa kuelekea kusini. Mwaka uliofuata, watafiti wa Georgia waliripoti kwamba waliolelewa na binadamu walikuwa na mabawa yaliyopauka, na nguvu yao ya kung'ang'ania kijiti ilikuwa chini ya nusu ya ile ya wenzao wa porini. Wapinzani wa ufugaji walizishika habari hizo kwa mikono miwili. Kisha mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, iliwafunga monaki wa kufugwa vitambuzi vidogo vya redio na kuwaachilia. Ndani ya pipa wengi wao walikuwa wamepotea, lakini nje, wale waliofuatiliwa kwa redio, asilimia 97 walikwenda kusini au kusini-mashariki. Inaelekea dira yao ipo, ila inahitaji muda chini ya jua ili ikae sawa. Kwangu huu ni ushahidi mzito upande wa mfugaji wa kawaida, anayechukua yai bustanini kwake na kufugia barazani. Kwa anayenunua mamia kutoka kiwandani ili awarushe harusini, haumsaidii.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo la kuchangia katika ubishi huu. Pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wakulima wamekuwa wakilea vipepeo kutoka kwenye mayai majumbani mwao tangu 1993 kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Hukamata majike msituni, huwaweka kwenye vizimba vya neti watage, hulisha viwavi, na huuza pupa zinazosafirishwa hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Vipepeo hao hawarudishwi msituni, kwa hiyo hawapeleki huko ugonjwa wala udhaifu. Kinachorudi ni sababu ya jirani kutaka msitu usimame, na hapo mwanzo wengi walitamani ukatwe wapate mashamba. Bila shaka ufugaji wa namna hii una udhaifu wake: Tanzania ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, wafugaji wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, walipoteza soko lao. Hata hivyo, tangu mwanzo walijua wanachofugia.

Na mimi ningemuuliza mfugaji wa Ohio swali hilohilo: unafugia nini? Anayefugia kuongeza idadi porini anajidanganya. Anayefugia watoto wamwone kiwavi akijining'iniza kichwa chini na kuvua ngozi hadi ibaki pupa ya kijani yenye vitone vya dhahabu, ana sababu nzuri, na mara nyingi nyumba hiyo ndiyo hung'oa nyasi za mbele na kupanda asklepia ya asili ya eneo lake. Sitaki wakatazwe.

California ni jambo la kando. Monaki wa magharibi, wanaopitisha majira ya baridi huko, walihesabiwa chini ya 2,000 mwaka 2020, wakafika karibu 250,000 mwaka uliofuata, na mwaka 2024 wakaporomoka tena hadi 9,000 na kidogo. Jimbo hilo linataka kibali kwa yeyote anayewachukua kutoka porini, nami naona ni sawa. Kwingineko, pendekezo la serikali ya Marekani la Desemba 2024 la kumweka monaki kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini liliwaachia nafasi wafugaji wadogo, wasiozidi vipepeo 250 kwa mwaka. Ningependa idadi hiyo ishushwe sana. Viwavi 10, kila mmoja kwenye chombo chake, nje penye kivuli na hewa, wanatosha kufundisha darasa zima. Na kizazi cha mwisho cha kiangazi, kile kinachoishi hadi miezi minane na kusafiri kwenda Mexico, ningekiacha kwenye majani kilipotagwa.