Tairi jipya, alaimenti ya zamani

Kuna ubishi ambao ukiuanzisha gereji, hata fundi aliyelala chini ya gari atatoka aje auchangie. Matairi yamelika: unabadilisha kwanza ndipo upige alaimenti (kupanga upya pembe za magurudumu), au unapiga alaimenti kwanza ili matairi mapya yakute kila kitu kimeshanyooka? Kila upande una watu wake, na kila mtu ana gari la shemeji yake la kutolea mfano.

Mimi niko na wanaobadilisha kwanza. Ila sababu wanayoitoa wengi wao siikubali, na hasara wanayoiogopa siyo ile inayowakuta watu.

Sababu yao ni kwamba mashine "itasoma vibaya" tairi likiwa limelika. Mashine za siku hizi hazisomi mpira. Vishikio vyake vinabana kwenye rimu, gari linasukumwa nyuma na mbele kidogo ili hitilafu ya rimu yenyewe iondolewe kwenye hesabu, kisha kinachopimwa ni namna gurudumu lilivyokaa: limelala ndani au nje, linatazama mbele sawasawa au limegeuka. Pembe hizo zinashikwa na tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu), boljointi (viungo vyenye kichwa cha mviringo), bushi (mipira ya kwenye viungo) na mikono ya sasipensheni. Ukivua tairi kipara ukavalisha jipya la saizi ileile pande zote mbili, gari linanyanyuka milimita chache tu, kwa maana tairi jipya la gari dogo huwa na kashata, zile nundu za mpira zinazogusa barabara, zenye kina cha milimita 8 hivi, na vyuma vinabaki pale pale vilipokuwa.

Kwa hiyo aliyepiga alaimenti juu ya matairi ya zamani, akaja kununua mapya wiki mbili baadaye, hajatupa pesa. Anayemwambia arudie yote tangu mwanzo kwa sababu tu amebadilisha mpira, na amwonyeshe kwenye mashine kipi kimehama.

Kinachoweza kuharibu vipimo ni kutolingana. Kushoto kipara, kulia jipya. Au tairi moja lina upepo wa kutosha na jingine limelegea. Hapo gari linainama upande mmoja, na pembe zinainama nalo. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hujaza upepo kwanza kabla hajashika spana. Ukimwona anaanza kufungua nati wakati hajagusa hata kipimo cha upepo, una haki ya kuuliza.

Sasa, kwa nini bado nasema matairi kwanza? Kwa sababu alaimenti haiishii kwenye skrini. Inaishia barabarani, pale fundi anapolitoa gari alijaribu: usukani uko katikati? Ukiuachia kidogo kwenye barabara iliyonyooka, gari linakwenda wapi? Na hapo ndipo tairi bovu linapoleta uongo wake. Tairi lililolika ukingo mmoja halina tena umbo la duara la sawasawa. Kipenyo chake ni kidogo upande mmoja na kikubwa upande wa pili, na kitu cha namna hiyo kikizunguka hutaka kukata kona chenyewe. Namba zote kwenye skrini zinaweza kuwa ndani ya mipaka, na gari bado likavuta kushoto.

Kinachofuata nadhani ndicho kiini cha ubishi wote, ingawa hakisemwi sana. Mteja analalamika kuwa gari linavuta. Fundi anataka amalize, mteja aende zake ameridhika. Basi anarudi chini, anaharibu kidogo pembe ya upande mmoja ili ivute kinyume na tairi bovu. Gari linanyooka, watu wanashikana mikono. Lakini pembe zile sasa zimepangwa kumfuata mgonjwa. Siku ukivalisha matairi mapya, gari linaanza kuvuta upande wa pili, na matairi mapya yanaanza kulika kwa pembe ambayo fundi aliiweka makusudi. Utamlaumu aliyekuuzia matairi.

Kuna njia ya kumaliza mzozo huo bila mashine yoyote. Kama matairi yako hayana mshale wa mwelekeo ubavuni, badilishana ya mbele: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, hakikisha upepo uko sawa, kisha rudi kwenye barabara ileile. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa liko kwenye tairi. Ukibaki palepale, tafuta kwenye pembe, au breki inayobana, au mteremko wa barabara yenyewe, maana barabara nyingi hujengwa zikiwa zimeinamia pembeni ili maji yatoke.

Lakini kuna kosa moja la wanaobadilisha kwanza ambalo linaniudhi kuliko yote ya upande wa pili: wanaacha tairi la zamani lichukuliwe kabla halijasomwa. Tairi lililolika ni shahidi. Limeandika kila kilichokuwa kikitokea chini ya gari, na unalitupa siku unayomhitaji.

Inama, pitisha kiganja juu ya kashata taratibu, kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani, kisha rudi kutoka ndani kuelekea nje. Kama mwelekeo mmoja kiganja kinateleza na mwelekeo wa pili kinakwaruzwa kama kimegusa msumeno, gurudumu halikuwa likitazama mbele. Lilikuwa limefunga (limegeukia ndani) au limefungua (limegeukia nje), likisuguliwa ubavu kila lilipozunguka. Hilo ni suala la alaimenti moja kwa moja. Jicho peke yake halilioni mapema, kiganja kinalijua wiki nyingi kabla. (Jihadhari tu na waya za ndani ya tairi kama limelika mpaka zimetokeza, zinachana mkono vibaya.)

Ukingo mmoja ukiwa umekwisha na mwingine mzima, gurudumu lilikuwa limelala, au limegeuka sana. Kingo zote mbili zimelika na katikati kumebaki: ulikuwa unatembea na upepo mdogo. Katikati kumekwisha na kingo zipo: upepo ulizidi. Hizi mbili za mwisho hazitibiwi na alaimenti yoyote duniani, zinatibiwa na kipimo cha upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Na ukiona mabonde mabonde kuzunguka tairi, hapa pameliwa, hapa pamebaki, nenda kaangalie shokapu na balansi, yaani mgawanyo wa uzito kwenye gurudumu.

Ndiyo maana mimi ningepanga hivi: tairi la zamani lisomwe likiwa bado kwenye gari, kisha gari lipigwe jeki. Shika gurudumu kushoto na kulia, litikise. Likicheza, shuku tairodi. Shika juu na chini, tikisa tena. Likicheza hapo, shuku boljointi au beringi. Kitu chochote kinachocheza kibadilishwe kabla ya yote. Kupiga alaimenti kwenye tairodi iliyolegea ni kupima kitu ambacho kitahama ukivuka tuta la kwanza. Kuna gereji zinafanya hivyo kila siku na kutoa risiti bila haya. Baada ya vyuma, matairi. Baada ya matairi, balansi. Alaimenti ya mwisho, siku hiyohiyo ikiwezekana.

Nasisitiza siku hiyohiyo kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea kweli. Aliyefunga matairi mapya akaondoka akisema "alaimenti nitapiga mwisho wa mwezi" yuko vibaya kuliko yule aliyepiga alaimenti juu ya vipara. Chukua gurudumu lililogeuka nyuzi moja tu kutoka mwelekeo wa safari. Kwa hesabu ya pembe, kila kilomita moja ya mbele, mpira wake unaburutwa pembeni karibu mita 17 na nusu. Nyuzi moja ni kosa kubwa, tuseme ni sehemu ya kumi ya hapo: karibu mita moja na robo tatu kwa kilomita. Haionekani kitu. Baada ya kilomita 10,000, tairi limeburutwa ubavu kilomita 17 na nusu juu ya lami. Dereva hakuhisi lolote, usukani haukutetemeka, na kashata za ndani, zile usizoziona ukisimama kando ya gari, zinakwisha polepole.

Kutetemeka nako tukuweke mahali pake, maana watu wanachanganya. Usukani ukitetemeka ukifika mwendo fulani wa kasi kisha ukatulia ukipita hapo, anza na balansi: uzito wa tairi na rimu haujagawanyika sawa, na unarekebishwa kwa vipande vidogo vya uzito kwenye rimu. Ukipeleka gari linalotetemeka ukaomba alaimenti, unaweza kulipa na kurudi nyumbani unatetemeka vilevile.

Sasa yule ambaye matairi yake hayajaisha. Huyu asisubiri. Tairi lina vidokezo vidogo vya mpira ndani ya mifereji yake, vilivyoinuka kidogo. Kashata zikilingana na vidokezo hivyo, zimebaki milimita 1.6, kiwango ambacho sheria za nchi nyingi zinakihesabu kuwa mwisho. Binafsi siwezi kufika huko nikiwa naendesha kwenye mvua, kwa maana uwezo wa mifereji kutoa maji unakuwa umeshapungua sana kabla ya hapo; kwangu milimita 3 ni wakati wa kuanza kutafuta mengine. Lakini kama bado una milimita 5 na kiganja kimeanza kukwaruzwa, peleka gari likapigwe alaimenti wiki hii hii. Kungoja matairi yaishe ili "uyabadilishe kwanza" ni kuyamaliza kwa mkono wako. Likibaki linavuta kidogo baada ya hapo kwa sababu ya tairi lililokwisha kupinda, livumilie, au badilishana pande. Fundi asiguse pembe.

Angalia umri pia, kwa sababu kashata nzuri zinadanganya. Ubavuni kuna msimbo unaoanza na herufi DOT, na tarakimu zake nne za mwisho ndizo tarehe: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokauka na kuanza kupasuka nyufa ubavuni hauhitaji alaimenti, unahitaji kutoka kwenye gari.

Na kama mfuko unaruhusu matairi mawili tu? Wengi huyaweka mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani na, kwa magari mengi, ndiko kwenye nguvu ya injini. Mimi nafuata wanavyoshauri watengenezaji wa matairi: mapya nyuma, mazima kati ya ya zamani mbele. Mbele yakiteleza kwenye maji, dereva analihisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma yakiteleza, gari linageuka kabla hajajua kinachoendelea. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lina habari yake: soma kitabu cha gari kabla ya kuchanganya mapya na ya zamani, maana tofauti ya mzunguko inaweza kuchosha difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na giaboksi.

Ukishafika kwenye mashine, omba yapimwe magurudumu yote manne hata kama ya nyuma hayana pa kurekebisha. Ya nyuma yakiwa yameelekea kushoto hata kidogo, gari zima linasukumwa upande, na dereva inabidi ashike usukani umepinda ili aende mbele. Ukirekebisha ya mbele bila kujua hilo, utarudi kesho yake kuulizia kwa nini usukani hauko katikati. Omba pia karatasi yenye safu mbili, vipimo kabla na vipimo baada. Safu ya "kabla" ilinganishe na lile tairi la zamani ulilolipitishia kiganja: kama tairi lilikuwa limelika kwa ndani upande wa kulia na karatasi inasema kulia kulikuwa sawa tangu mwanzo, gari lisitoke pale mpaka mtu aeleze.