Mto wa Mjini Huharibikia Kwenye Kibali cha Ujenzi

Mto wa mjini ukianza kunuka, madiwani huitisha kikao, huunda kamati ya mazingira na kupanga siku ya kuzoa taka. Taka zizolewe, sawa. Lakini uamuzi ulioharibu mto huo ulishapita kitambo, tena katika idara nyingine kabisa: ile inayogonga mihuri ya vibali vya ujenzi.

Hesabu yake nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hekta moja ikinyeshewa milimita 25 imepokea lita 250,000. Penye miti na udongo usioshindiliwa, sehemu kubwa hupenya ardhini. Pakishapigwa lami, zege na mabati, karibu asilimia 90 hukimbilia mtaroni ndani ya dakika chache, pamoja na oili, vumbi la matairi, zinki ya mabati na kinyesi. Vijito vingi huanza kuonyesha madhara eneo lililosakafiwa linapokaribia asilimia 10 ya kidakio cha maji, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye kijito hicho. Likivuka 25, kukirudisha kijito katika hali yake ni kazi ngumu na ghali. Hakuna kibali kimoja kinachofikisha huko. Ni jumla yake, na jumla hiyo aghalabu haina afisa anayeiweka.

Kwa hiyo rejesta ya kwanza ambayo halmashauri inaihitaji ni ya eneo lililosakafiwa, kidakio kwa kidakio, si kata kwa kata. Maji hayajui mpaka wa kata. Kisha kila kibali kipya kiwe na sharti: milimita 25 za mwanzo zibaki kiwanjani, kwenye tangi, shimo la kokoto au bustani ya kunyonya maji, yaani bonde dogo lililopandwa mimea ambamo mvua hutuama kisha hupenya ardhini.

Bustani hizo zimepata jina baya kwa sababu hujengwa vibaya. Kabla ya kuchora chochote, chimba shimo pale pale, lijaze maji mpaka udongo ulowe, kisha pima kasi ya maji kushuka. Yakishuka chini ya milimita 13 kwa saa, weka bomba lenye matundu chini, la sivyo unajenga dimbwi. Maji yatuame sentimita 15 hadi 30, si zaidi, na yaishe ndani ya saa 48, mbu asipate muda wa kukua. Udongo uwe wa mchanga kwa sehemu kubwa, kina cha sentimita 60 au zaidi. Kosa linaloua nyingi ni la ratiba tu: mkandarasi huichimba mapema, tope la ujenzi likaingia na kuziba vinyweleo vyote. Ijengwe mwisho, majani yakishaota kwingineko. Halafu bajeti ya kila mwaka ya kuzoa tope mlangoni mwake iandikwe kabla ya kukata utepe. (Utepe haujawahi kukosa bajeti.)

Upimaji nao una ujanja wake. Sampuli zikichukuliwa siku za jua tu, ripoti itapendeza na haitasema chochote kuhusu mvua, wakati uchafu mwingi hushuka na maji ya mwanzo. Chukua juu na chini ya mji, saa ya kwanza ya mvua na tena mto ukitulia, pamoja na kipimo cha mtiririko. Bila mtiririko huwezi kujua mzigo wa uchafu unaopita. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa, ikae kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Siku kavu zina kazi yake nyingine: bomba la maji ya mvua linalotiririka siku 3 baada ya mvua kuisha lina siri. Pima amonia na sabuni, kisha mwaga rangi maalumu kwenye vyoo vya jirani uone itatokea wapi. Kuziba bomba moja la majitaka lililounganishwa na mtaro wa mvua huweza kuusaidia mto kuliko kampeni nzima ya mabango.

Gharama za kudhibiti maji ya mvua zilipwe kwa mita za mraba zilizosakafiwa, si kwa ankara ya maji. Kiwanja cha kuegesha magari kinaweza kuwa hakina hata bomba moja, lakini ndicho kinachomwaga mtaroni kuliko nyumba zote zinazokizunguka. Na mwenye kiwanja hicho akiibomoa nusu ya lami yake, ada ishuke kwa nusu, mwaka huohuo.